Kilo Kumi na Moja na Nusu

Shee alitupima alfajiri, chini ya taa za Mwembe Tayari,
kwa mizani ya kulabu aliyoazima kwa muuza samaki.
Shanta moja moja likaning'inia, likashuka linanuka nguru wa jana:
la Nyevu kilo nane,
la Mkawasi tisa kasorobo,
la Dzombo sita, maana Dzombo hula vya wenziwe.
Langu kumi na moja na nusu.
Shee alinitazama kama daktari aliyeshika picha ya kifua.

Miaka ishirini na sita nilikaa dirishani Kilindini
nikiandika uzito wa mizigo ya watu,
mitumba, matairi, magunia ya mchele,
tani juu ya tani, na mimi sijainua hata mfuko wa unga.
Nikakaza mikanda. Nikasema, twende.

Makupa tuliivuka gizani. Maji yamekupwa, tope lapumua.
Malori yakatusalimu kwa honi na moshi.
Hatukuzungumza. Asubuhi mguu una maneno yake:
hulalamika, kisha huuliza, kisha husahau.

Changamwe tukala mahamri kwa mbaazi, tumesimama,
mashanta migongoni.
Mama muuzaji akauliza: Mwahama?
Twatembea, akajibu Nyevu.
Hata wapi?
Taru.
Kwani basi zimekwisha?
Akatuongeza mahamri mawili
kama mtu atoaye sadaka kwa wagonjwa.

Tukaishika reli ya zamani, ile iliyonyang'anywa treni.
Mataruma yake yamepangwa kwa mguu wa mtu
ambaye si yeyote kati yetu:
ukipiga moja moja, wadunda kama kuku;
ukiruka moja, wapasua suruali.
Mkawasi alihesabu hadi elfu mbili mia tatu na kitu,
mbuzi akamkatiza.

Saa sita jua lilishuka mbinguni likaingia ndani ya kofia.
Lengelenge la kwanza lilikuwa la Dzombo.
Akakaa juu ya chuma, akavua soksi taratibu
kama afunguaye barua ya benki.
Nyevu akaipitisha sindano motoni, akatoboa,
na Dzombo, pande la mtu,
akanishika kidole hadi kikafa ganzi.

Ndipo Shee akanifungua shanta, akitafuta pamba.
Akatoa leso mbili. Redio isiyo betri.
Kitabu cha stakabadhi, kitupu.
Akatoa tena, kwa mikono miwili.
"Hini ni pasi?"
Ni pasi.
"Ya makaa?"
Ya makaa.

Kicheko chao kiliwarusha kunguru wote wa Miritini.
Nikaeleza kwamba tangu niajiriwe
sijatoka mlangoni na shati lenye kunyanzi,
kwamba mkono ulipakia kabla akili haijaamka.
Mengine sikueleza.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
waliurudisha mgongoni mwangu wakicheka, tukaendelea.

Jioni, kilima cha mwisho kabla ya Mazeras.
Ardhi ngumu kama moyo wa mkopeshaji.
Kigingi cha kwanza kikapinda.
Cha pili Dzombo alikipiga kwa kiatu, kiatu kikaachama.
Jiwe likavunjika vipande vitatu.
Upepo ukaanza kuichezea hema, na giza linakuja.
Kisha kimya, na nyuso nne
zikanigeukia mimi.

Tang. Tang. Tang.
Shee mwenyewe alivipiga vigingi vyote kumi na viwili,
amepiga magoti, jasho kwenye pua.
Alipokwisha akaipangusa pasi kwa shati lake.
"Kesho nitakubebea," akasema, "angalau hadi Mariakani."

Nikamwambia hapana.

Huko nyuma taa za bandari zilikuwa zimewaka;
kreni zingali zahesabika kutoka pale.
Sikuzihesabu.
Nilikaa nje ya hema, miguu ndani ya karai la maji,
shati limejikunja kama jani la mgomba lililokauka,
nikimsikia Dzombo gizani
akitafuta mahamri yangu.